Skrubu Mbili

Watu wengi huipima pikipiki kwa mwendo wake. Huuliza yapandaje mlima, yachukua mzigo kiasi gani, na yafika wapi kwa lita moja ya petroli. Maswali haya ni ya haki, kwa kuwa hakuna anunuaye pikipiki ili isimame. Lakini fundi mwenye ujuzi ana swali jingine ambalo hulitanguliza. Huiwasha, huiacha ipate moto, huondoa mkono wake katika kishikio cha mafuta, kisha hunyamaza na kusikiliza. Ataka kujua injini hufanya nini wakati haikuamriwa kitu. Ikiwa yanguruma kwa utulivu, mapigo yake sawasawa kama hatua za mtu asiye na haraka, huridhika nayo kabla hajaipanda. Ikiwa yapanda na kushuka, yakohoa au yazimika, hujua kuwa pana neno.

Hali hii ya injini kunguruma bila kwenda, mafundi wetu wa Tanzania huiita sailensi. Neno limetoka katika Kiingereza, na huko maana yake ni ukimya. Yaweza kuonekana ajabu kwamba sauti imepewa jina la ukimya. Lakini atakayefikiri ataona kuwa jina si baya. Injini haiwezi kunyamaza kabisa na kuwa hai kwa wakati mmoja. Mngurumo mdogo kuliko yote ambayo inaweza kuidumisha bila kufa, huo ndio ukimya wake. Kuutafuta mngurumo huo ni kazi ya skrubu mbili zilizo ubavuni mwa kabureta, na juu ya skrubu hizo nataka kusema machache. Maana nimeona kuwa tofauti iliyo kati yao ni kubwa kuliko umbali wao, na kwamba wengi hushika moja walipopaswa kushika nyingine.

Kwanza yafaa kabureta yenyewe ielezwe. Ni chombo kidogo kinachoenea kiganjani, kilichowekwa kati ya chujio la hewa na injini. Jina lake latokana na kaboni, na kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli kabla hazijaingia ndani ya silinda kuchomwa. Wilhelm Maybach katika Ujerumani, na Donát Bánki pamoja na János Csonka katika Hungaria, walifikia karibu wakati mmoja, mwaka 1893, kabureta inayonyunyiza petroli kwa mdomo mwembamba. Na ingawa umbo limebadilika sana tangu siku hizo, asili ya kazi ni ile ile. Asili hiyo ni ya kale kuliko injini. Daniel Bernoulli, katika kitabu chake cha mwaka 1738, alieleza uhusiano wa mwendo wa kimiminika na kani yake ya kusukuma. Na Giovanni Battista Venturi, Mwitalia, alichapisha mwaka 1797 uchunguzi wake juu ya vimiminika vipitavyo katika mirija. Hewa ikipita mahali palipobanwa huongeza mwendo, na ikiongeza mwendo hupungua nguvu ya kusukuma. Petroli iliyotulia katika bakuli chini ya kabureta husukumwa na hewa ya nje kupanda kuelekea mahali hapo penye udhaifu, nayo hutoka kama manyunyu. Yasemwa kwamba injini hunyonya petroli. Kwa kweli ni hewa ya dunia ndiyo huisukuma.

Kipimo cha mchanganyiko huo ni cha haki sana. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote bila baki, yahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, mtu akiihesabu kwa ujazo ataona kwamba lita moja tu ya petroli hula karibu lita 9,000 za hewa ya pwani. Hewa ikizidi, injini huwa na njaa: huwaka kwa udhaifu, hupata joto jingi, na hukataa kutii upesi. Petroli ikizidi, injini huwa kama mtu aliyevimbiwa: hutoa moshi mweusi, hupaka plagi masizi, na huzimika pale inapotakiwa kupumua kidogo.

Na sailensi ni saa ya kupumua kidogo. Mlango wa kabureta, yaani kile kipande cha chuma kinachopanda na kushuka kwa amri ya mkono, huwa karibu umefungwa wote. Hewa ipitayo ni haba, na mdomo mkubwa wa petroli hautoi kitu. Injini huishi kwa njia ndogo ya pembeni, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita kwa upana. Chembe moja ya uchafu yatosha kuliziba. Ndiyo sababu pikipiki yaweza kukimbia barabarani kama swala na kufa kwenye njia panda kama taa iliyopulizwa: mdomo mkubwa ni mzima, mdomo mdogo ni mgonjwa.

Sasa zile skrubu mbili. Moja huuzuia mlango usifunge wote. Ikikazwa, mlango huinuliwa na injini huongeza mizunguko. Hii ni skrubu ya mwendo. Ya pili hutawala ile njia ndogo, na huamua hewa na petroli zikutane kwa kiasi gani. Hii ni skrubu ya mchanganyiko. Ya kwanza hupata jibu mara moja na kila sikio hulisikia. Ya pili hujibu polepole na kwa sauti ndogo. Kwa sababu hiyo ya kwanza hupendwa na ya pili husahauliwa.

Mwana wa dada yangu hupata riziki yake kwa bodaboda katika mji wa Mbeya. Pikipiki yake, ya ujazo wa sentimita 125, ilitumika kwanza Dar es Salaam, ikanunuliwa huko kwa mkono wa pili, ikapandishwa lori. Ilipofika juu ilianza kuzimika kila aliposimama kungoja abiria au kupisha magari. Aliipeleka kwenye gereji moja. Kijana wa hapo akashika bisibisi, akaikaza skrubu ya mwendo mizunguko miwili, na ugonjwa ukatoweka papo hapo. Mpwa wangu alilipa, akashukuru, akaondoka akiwa na injini isiyozimika tena.

Lakini deni lililofichwa halikulipwa. Baada ya siku chache aliona kwamba petroli haifiki jioni. Alikuwa akimpelekea mwenye pikipiki hesabu yake ya kila siku, na kilichobaki mfukoni kwa ajili ya mkewe na mtoto kilikuwa kikipungua, ingawa abiria hawakupungua. Gia ya kwanza ikawa yaingia kwa kishindo. Baya kuliko yote lilikuwa mteremkoni. Mwendesha pikipiki akishuka huachia mafuta, na injini iliyotulia humsaidia kuzuia. Injini iliyoinuliwa mwendo haizuii sawasawa, bali huendelea kusukuma. Siku moja, katika barabara ya vumbi iteremkayo, akiwa amembeba mama mwenye mtoto mgongoni, aliachia mafuta na pikipiki ikaendelea kumvuta kama mbuzi aliyeona shamba la mtu. Breki zilimshikia, na wote walifika salama. Yule mama hakujua kitu. Lakini mpwa wangu aliniambia kwamba mikono yake ilitetemeka mpaka alipofika nyumbani.

Nilikuwa likizo huko, nikafuatana naye kwa fundi mzee afanyaye kazi chini ya mparachichi. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliuliza:

"Ina nini, mwanangu?"

"Haizimiki tena, mzee, lakini inakunywa mafuta, na nikishuka mlima haishikiki."

Mzee aliiwasha, akaisikiliza, akaizima. "Aliyekushughulikia hakuitibu," akasema. "Ilikuwa inalia kwa ugonjwa, naye ameifundisha kulia kwa sauti kubwa zaidi."

Nilitazamia kwamba atazishika skrubu mara hiyo. Hakuzigusa. Alifungua kwanza chujio la hewa, akalikuta limejaa vumbi jekundu, akalisafisha. Alitoa plagi, akatuonyesha weusi wake mkavu kama masizi ya chungu, akaisugua, akaupima mwanya wake. Alipitisha kidole katika mpira unaoiunganisha kabureta na injini, akitafuta ufa, kwa kuwa hewa iingiayo kwa mlango wa nyuma huharibu hesabu yoyote. Kisha aliifungua kabureta, akaosha lile tundu dogo kwa petroli na kulipuliza. Mpwa wangu alimpa uzi wa waya ili alizibue; mzee akaukataa. "Tundu likikwaruzwa na kupanuka halirudi udogoni," alisema. Mimi niliyezoea maktaba niliyasikia maneno hayo kwa heshima, maana yamo mambo mengi ambayo huharibiwa na ukali wa kuyasafisha.

Vyombo vilipokwisha kurudishwa, alimtuma mpwa wangu aizungushe pikipiki kwa dakika kumi hivi ili ipate moto wake wa kazi. Kwa kuwa injini baridi hutaka petroli nyingi zaidi, na kuipima ikiwa baridi ni kumpima mtu akiwa usingizini. Iliporudi, aliizima, akaifunga skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho, kwa wepesi, huku akihesabu mizunguko. Akasema ilikuwa imefunguliwa mizunguko mitatu na nusu. Ncha ya skrubu hii ni nyembamba kama sindano. Atakayeikaza kwa nguvu huiharibu pamoja na kikalio chake. Akaifungua mizunguko miwili, akaiwasha injini, akailegeza skrubu ya mwendo mpaka injini ikakaribia kufa.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na haikuwa na haraka. Alizungusha skrubu ya mchanganyiko robo ya mzunguko kuifunga, akangoja. Alingoja pumzi kadhaa, kwa kuwa injini haijibu papo hapo. Sauti ilipanda kidogo, ikawa safi. Robo nyingine, akangoja; sauti ikawa nyembamba na kuanza kuyumba, kama mtu aliye na njaa. Akarudi nyuma, akafungua, akapita pale palipokuwa pazuri, akaenda upande wa pili mpaka mngurumo ukawa mzito na kuvuta miguu. Kisha akarudi tena. Alikuwa hatafuti alama iliyoandikwa mahali. Alikuwa akitafuta kilele kati ya mabonde mawili, na hakukijua kilele ila kwa kushuka kila upande. Alikipata penye mzunguko mmoja na robo tatu. Injini ikapaa yenyewe, bila skrubu ya mwendo kuguswa. Ndipo alipoigusa ile skrubu ya kwanza, akaipunguza mpaka injini ikatulia.

Mwisho aliipa mafuta kwa ghafula na kuachia. Injini ilipanda na kurudi pale pale bila kusita. Akatueleza kwamba ikichelewa kushuka, ni dalili ya hewa kuzidi. Ikizama chini ya kimo chake kisha ikajikongoja kupanda, petroli imezidi. Akamwonya mpwa wangu asiichukue hesabu ile akampe mwenzake mwenye pikipiki ya aina nyingine. Katika kabureta hii skrubu ilikuwa upande wa injini, na kuifunga kulipunguza petroli. Ziko ambazo skrubu yao iko upande wa chujio. Hizo hutawala hewa, na kuifunga huzidisha petroli. Tendo moja, matokeo mawili yanayopingana.

Mzee hakuwa na chombo cha kuhesabu mizunguko. Pikipiki za namna hii aghalabu hutulia kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Kwa kuwa injini yake huwasha petroli mara moja katika kila mizunguko miwili, hiyo ni milipuko 700 kwa dakika, karibu 12 katika kila sekunde. Hakuna sikio liwezalo kuhesabu 12 katika sekunde moja. Lakini sikio lililofundishwa hujua kama zote 12 zimekuja. Huo ni ujuzi usiokuwa na tarakimu ndani yake, na bado ni ujuzi.

Na kwa nini ugonjwa ulianza Mbeya, wakati Dar es Salaam pikipiki ilitulia? Vumbi lilikuwa na sehemu yake, lakini si lote. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika sita au saba. Kabureta hupima hewa kwa ujazo na mwendo wake, haiujui uzito. Basi petroli iliyokuwa ya haki pwani ilikuwa nyingi mlimani. Kanuni haikubadilika. Kilo za hewa kwa kilo ya petroli ni zile zile katika kila nchi. Kilichobadilika ni mahali, na kwa hiyo skrubu ilipaswa kubadilika ili kanuni ibaki. Nimewasikia wasomi wakibishana kama haki ni moja kila mahali au kila mahali ina yake. Naona kabureta inajibu kwa namna yake: asiyebadilisha kipimo anapobadilisha mahali huivunja kanuni ile ile anayodhani anaitii.

Tangu siku ile nimeziona zile skrubu mbili katika mambo mengi yasiyo na petroli. Mwanafunzi huniletea sura ya tasnifu ambayo hoja yake yazimika katikati. Nikimwonyesha, hurudi baada ya juma moja akiwa ameongeza kurasa kumi, majina ya wanachuoni ishirini, na maneno mazito. Sura haizimiki tena. Yanguruma kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini ameikaza skrubu ya mwendo, na hoja ni ile ile. Mwenye nyumba ambaye mapato hayalingani na matumizi hukopa, na nyumba huendelea kuwa na mwanga. Chama ambacho wanachama wake wamepoteza imani huzidisha mikutano. Katika yote haya kelele huongezwa ili kifo kisisikike, na gharama hulipwa polepole, mahali pengine, aghalabu na mtu asiyekuwapo wakati bisibisi iliposhikwa. Yule mama aliyekaa nyuma ya mpwa wangu hakuwahi kuifikia gereji ile.

Hata hivyo nisiidhulumu skrubu ya mwendo. Haikutiwa pale kwa hila. Mzee mwenyewe aliitumia, na bila yake injini isingepata kimo chake. Kosa haliko katika skrubu, liko katika utaratibu: aliitumia mwisho, baada ya chujio, plagi, mpira, tundu na mchanganyiko. Iliyo dawa ya mwisho ikifanywa ya kwanza huwa pazia.

Jambo jingine lanigusa kwa kazi yangu ya lugha. Mzee yule alisema injini ina njaa, imeshiba, inakohoa, inakunywa, inavuta miguu. Kila neno lilikuwa na maana moja iliyo wazi, na kila moja lilimwongoza mkono wake upande fulani. Sisi tukaao vyuoni hulalamika kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi, tukaunda maneno mezani na kuyaandika katika orodha. Na huku chini ya mparachichi pana watu ambao wameikamilisha kazi hiyo bila kuwa na meza. Maneno yao hayakukusanywa yote, na muda si mwingi. Kabureta yenyewe inaondoka duniani. Katika India, nchi itengenezayo nyingi ya pikipiki zetu, sheria ya moshi iliyoanza tarehe 1 Aprili 2020 imezifanya pikipiki mpya nyingi za soko la huko zitumie vifaa vya umeme vinavyopima na kupuliza petroli vyenyewe. Na pikipiki ya betri, ambayo imekwisha kuonekana katika miji yetu, haina sailensi kabisa: ikisimama, imesimama. Siku itafika ambapo kijana atasikia habari ya kuitegea sikio injini kama sisi tusikiavyo habari ya kuzitazama nyota ili kuongoza jahazi.

Sioni huzuni katika hilo. Chombo bora kikija, kipokewe. Mpwa wangu akipata pikipiki isiyohitaji bisibisi, petroli ambayo ingepotea itakuwa unga na daftari za mtoto. Lakini vyombo hupita na tabia ya mwanadamu hubaki, na tabia hiyo hupenda skrubu ijibuyo upesi. Kwa hiyo yafaa mtu ajizoeze kuuliza, kila aonapo kitu kimeacha kuzimika, kama kimepona au kimepandishwa sauti tu. Na ajaribu kukisikiliza kikiwa kimesimama, mzigo umeondolewa, mkono umeachiwa. Kwa kuwa mbio zaweza kuficha ugonjwa mwingi, bali utulivu hauna mahali pa kuuficha.